Alijibu kwa Jina la Dada Yake

Walisema sitaweza. Wa kwanza kusema alikuwa adeer, ndugu wa baba yangu, na alisema mbele ya watu katika soko la mifugo, siku niliyotangaza kwamba naenda Nairobi kusomea kazi ya maabara.

"Huyu nilimpa mbuzi achunge," aliwaambia wenzake, "jioni akaniletea mbuzi wa watu. Sasa anataka kwenda kutafuta wadudu ndani ya damu!"

Walicheka mpaka mmoja wao akajimwagia chai kwenye kikoi. Dalali mmoja wa ngamia, mwenye ndevu ndefu za hina, aliapa kwamba nikirudi na diploma atazinyoa zote.

Nilikwenda. Miaka ya kwanza nilibeba marobota ya nguo Eastleigh, asubuhi hadi alasiri, kisha nikaoga kwenye bomba la msikiti na kukimbilia darasani. Nilipata diploma yangu kwa alama za juu, katika darasa ambalo wengi walilipiwa karo na wazazi wenye magari. Baadaye nilifanya kazi katika maabara za watu hadi nikawa mimi ndiye ninayeitwa mashine inapogoma. Nayaandika haya bila haya, maana niliyatolea jasho. Niliporudi Garissa, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa wembe. Niliufunga kwenye gazeti nikampelekea yule dalali. Ndevu hakunyoa, lakini tangu siku hiyo aliniita daktari. Nilimweleza mara kadhaa kwamba mtu wa maabara si daktari, kisha nikaacha kumweleza.

Nilifungua kliniki ndogo nyuma ya soko. Chumba cha mbele kilikuwa cha muuguzi, cha nyuma kilikuwa maabara yangu, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba na mlango wenye pazia la kijani. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima kutoka Masalani, mtu wa upande wa mtoni, aliyestaafu baada ya kufanya kazi katika zahanati za serikali tangu usichana wake. Leseni ya kutibu ilikuwa yake, ya maabara ilikuwa yangu. Kabla ya kumdunga mtu sindano, hata kama alimdunga wiki iliyopita, alisoma faili lake, kisha akamwuliza kwa mdomo: "Dawa hii umewahi kudungwa? Ilikudhuru? Ulivimba? Ulikosa pumzi?" Hakugusa chupa ya dawa mpaka ajibiwe. Mimi, nikiona foleni imefika barabarani, nilimtania.

"Mama, si yameandikwa kwenye faili?"

"Faili halina ngozi, mwanangu. Namuuliza mwenye ngozi."

Fedha za kuanzia nilikopeshwa na watu wanne: mwenye duka la jumla, mwalimu wangu wa zamani, shemeji yangu, na binamu yangu wa upande wa mama. Binamu huyu aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Wanawake wa safu yake walikuwa na ayuto, mchango wa zamu, na ilipofika zamu yake alinipa yote ninunue hadubini.

"Nunua hilo jicho lako la chuma," aliniambia. "Ukishatajirika, unitibu bure mpaka nizeeke."

Nilimwahidi. Huyo ndiye mwanamke aliyekufa kwenye kliniki yangu, na kwa ajili yake nilisimama mara mbili kizimbani kutoa ushahidi.

Lazima kwanza nieleze habari za familia yake. Mama yake ni mdogo wa mama yangu. Sisi tunamwita habaryar, mama mdogo. Alikuwa na mabinti wawili waliofanana sana, mpaka pengo la meno ya mbele. Ukame mkubwa uliwakuta upande wa Diff, mpakani, na wanyama wote wakafa. Binti mkubwa aliachwa kwa jamaa Garissa ili asome. Mdogo, aliyekuwa bado ananyonya, mama yake alimbeba mgongoni hadi kambi ya Dagahaley, akajiandikisha naye kama wakimbizi ili wapate mgao wa unga na mafuta. Hawakuwa wakimbizi. Walikuwa Wakenya wenye njaa, na wengi walifanya vilevile. Walikaa huko mpaka msichana akafikia umri wa kuchukuliwa alama za vidole.

Dada mkubwa alisoma, akapata kitambulisho, akaajiriwa katika ofisi ya serikali na kupewa kadi ya bima ya matibabu. Mdogo alipokwenda kuomba kitambulisho, kompyuta ilionyesha vidole vyake ni vya mkimbizi. Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akawa mjane mwenye watoto wanne. Bila kitambulisho hakuweza kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, sembuse bima.

Siku aliyokuja kwangu na homa na koo linalomuuma, ningeweza kumtibu bure. Nilikuwa nimemwahidi. Lakini kliniki ilikuwa changa, na bima ilimlipia kila mgonjwa mwenye kadi. Nikajiona mjanja.

"Kadi ya dada yako inafanya kazi?" nilimuuliza.

"Ya dada ni ya dada."

"Mnafanana. Nani atajua? Namba ya siri itaingia kwenye simu yake, akusomee. Lakini ukiingia kwa muuguzi, wewe ndiye yeye. Jina lake, umri wake, maradhi yake. Ukiulizwa lolote, jibu kama angejibu yeye."

"Na nikiulizwa mume?"

"Mume wake pia."

"Basi nitakufa na homa yangu. Mume wa dada anakoroma, nyumba nzima hailali."

Alicheka na koo lake likamuuma, akalishika. Nilimpigia dada yake simu hapohapo, nikajaza faili kwa mkono wangu. Nilipofika kwenye swali la dawa nilimuuliza dada kwenye simu, "Umewahi kudungwa penisilini?" Akasema, "Mara nyingi, tangu shule. Hainidhuru." Nikaandika hivyo. Mwandiko wangu ni mzuri. Hata mwalimu wangu wa chuo aliusifu.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alipewa vidonge, akarudi sokoni. Muuguzi hakuwa amemwona dada hata siku moja, hivyo hakuwa na sababu ya kushuku. Koo liliporudi kuuma kwa nguvu zaidi, alikuja tena asubuhi kabla ya maziwa kufika kutoka porini. Nilitoa faili kabatini, nikaliweka mimi mwenyewe juu ya meza ya muuguzi. Nilichukua tone la damu yake kidoleni, nikaenda nyuma ya pazia kuangalia malaria.

Nilimsikia muuguzi akimwita kwa jina la dada yake, naye akaitika. Nilimsikia akisoma faili kwa sauti ya chini, kama alivyozoea. Kisha akauliza maswali yake.

"Dawa hii umewahi kudungwa? Ilikudhuru?"

"Nimedungwa mara nyingi, mama. Hakuna shida."

Hata malaria sikuwahi kumaliza kuitafuta. Nilisikia kiti kikianguka. Nilipofungua pazia alikuwa sakafuni, mkono wenye hina umeshika shingo, midomo imevimba. Muuguzi alikuwa tayari amemdunga sindano ya dharura, na alikuwa amepiga magoti juu yake akimbonyeza kifua na kumwita kwa jina lile lisilo lake. Mimi nilimwita kwa jina lake halisi. Muuguzi aliinua macho akanitazama, lakini haukuwa wakati wa kuuliza. Gari tuliloita lilimkuta amekwisha kukata roho.

Tulimzika siku hiyohiyo kabla ya swala ya alasiri. Wazee walisema ni qadar, majaliwa ya Mungu, hapakuwa na haja ya kupasua maiti ya Mwislamu. Muuguzi, akidhani lile jina nililoita ni la nyumbani tu, alikuwa ameandika taarifa ya kifo kwa jina lililokuwa kwenye faili. Makaburini, kabla ya swala ya jeneza, adeer alisimama akatangaza kama ilivyo desturi yetu: anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, ajitokeze. Nilisimama. Nikasema kwa sauti kwamba ananidai mimi, na kwamba nitawalipa warithi wake. Watu walinisifu, na mmoja akasema elimu haijaniharibu. Nilirudi mjini nikiwa nimesema ukweli mmoja na kuuacha mwingine palepale kaburini.

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini karatasi nazo zina safari yake. Wiki chache baadaye dada mkubwa alikwenda ofisi ya mishahara, karani akamtazama kama jini.

"Wewe umekufa," alimwambia.

"Nani amesema?"

"Barua imesema. Hata mshahara wako umesimamishwa."

Ilibidi athibitishe kwamba yu hai. Na aliyethibitisha kwamba yu hai akaulizwa, kama ilivyotarajiwa: basi aliyezikwa ni nani? Polisi wakaja kliniki, kisha hakimu akaamuru uchunguzi wa hadhara kuhusu kifo kile. Familia ilikataa kaburi lifukuliwe. Kwa hiyo hapakuwa na mwili wa kuchunguza wala chombo cha maabara cha kuamua, mimi nikiwa mtu wa vyombo vya maabara. Palibaki maneno ya waliokuwapo.

Jioni moja kabla ya kesi, adeer aliniita nyumbani kwake. Palikuwa na chai ya maziwa ya ngamia na wazee watatu.

"Sikiliza, daktari," alianza, na sikujua kama ananitania. "Dada akisema aliazimisha kadi, kazi yake imekwenda. Ukisema wewe ulimfundisha, kliniki yako imekwenda. Yule mama wa mtoni akionekana alichukua faili la dada kwa makosa, ameumia nani?"

"Ameumia yeye, adeer."

"Yeye amestaafu. Atarudi Masalani alime mahindi yake."

"Leseni yake itachukuliwa. Anaweza kushtakiwa."

"Ana watoto wakubwa," mzee mwingine akasema. "Marehemu ameacha wadogo. Wanalishwa na nani? Na mshahara wa dada. Wewe umesoma, hesabu."

Sikukubali, wala sikukataa. Nilikunywa chai. Najua kuongea, watu wote wa Garissa wanajua hivyo, lakini siku ile nilikaa kimya mbele ya watu wasiojua hata kusoma lebo ya dawa.

Siku ya kesi ukumbi ulikuwa wa moto, feni moja ikizunguka polepole, na korongo wale wakubwa wenye vipara wakitembea uani kama mawakili. Nilivaa suti. Mwendesha mashtaka aliniuliza kazi yangu, nikaeleza kwa kirefu: chuo, diploma, alama, maabara nilizofanyia kazi. Hakimu akaniambia inatosha.

"Katika kliniki yako, mafaili hutolewa na nani?"

"Na muuguzi, mheshimiwa." Siku nyingi ilikuwa hivyo.

"Siku ya tukio ulikuwa wapi?"

"Maabara, mheshimiwa, nikipima damu."

"Ulimwona muuguzi akimdunga marehemu?"

"Sikumwona. Kuna pazia."

"Je, inawezekana alichukua faili la mtu mwingine?"

"Kila kitu kinawezekana, mheshimiwa."

Nilishuka kizimbani nikiwa sijasema neno moja la uongo. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara inaponitoka najisikia mchafu zaidi.

Baada yangu alipanda muuguzi, amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi. Hakunitazama.

"Ulichukua faili la dada wa marehemu," mwendesha mashtaka alimwambia.

"Nilichukua lililokuwa mezani. Nikamwita jina lililoandikwa, akaitika. Nikamwuliza kama dawa ile inamdhuru, akasema haina shida."

"Una hakika ulimuuliza? Au ni mazoea tu ya kusema unauliza?"

"Nauliza kila siku ya Mungu."

"Na mwanamke aliyejua dawa inamdhuru akakujibu haina shida?"

"Sijui, mheshimiwa," alisema. "Mimi mwenyewe sielewi."

Nyuma yangu mtu alinong'ona kwa Kisomali kwamba mwanamke huyu ni mwongo. Wengine wakaguna kukubali.

Kisha akaitwa habaryar. Alizungumza Kisomali, mkalimani akitafsiri. Alieleza kwamba huko Dagahaley, binti yake akiwa mdogo, alidungwa sindano, uso ukavimba mpaka macho yakapotea, na daktari wa kambi akamwambia dawa ile isimguse tena maisha yake yote.

"Ulimweleza binti yako alipokua?"

"Kila alipougua. Siku ya harusi yake nilimwambia. Alipojifungua nilimwambia. Alinichoka, akawa anaimaliza sentensi yeye mwenyewe."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mama, kama alijua, kwa nini alijibu kwamba haina shida?"

Mkalimani akatafsiri. Habaryar alivuta shela yake mbele ya uso.

"Hilo ndilo nililokuja hapa kuliuliza," alisema.

Kesi iliahirishwa kwa wiki mbili. Leseni ya muuguzi ilisimamishwa mpaka uamuzi utolewe. Sokoni wanawake wa maziwa walikataa kumuuzia. Mwenye nyumba aliyopanga alimtolea godoro lake nje ya mlango. Alikuja kliniki kuchukua vitu vyake: mashine ya presha, kikombe, na mto wa kukalia. Nilimsaidia kufunga begi.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ni wa lugha yao. Niambie ukweli. Labda hakunielewa? Kiswahili changu ni cha mtoni. Labda nilipaswa kujifunza kuuliza kwa Kisomali."

"Alikuelewa, mama."

"Basi nilikosea wapi? Nataka nijue tu. Nimewadunga watu wengi, sasa kila ninapokumbuka mmoja najiuliza kama naye nilimuuliza vibaya."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, lingeingia katika pumzi moja. Badala yake nikabeba begi lake hadi kituo cha basi la Masalani, nikamnunulia maji na biskuti za njiani, naye akanishukuru. Akaniombea dua, mimi, kupitia dirisha la basi. Niliyoyafanya maishani ambayo najutia ni machache, nasema kweli, maana mimi ni mtu wa kupanga mambo yangu. Lakini lile dirisha la basi silisahau.

Kesi iliporudi, mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Masalani ilikuwa matope. Muuguzi alifika amechelewa, viatu vyeupe vimekuwa vya kahawia hadi vifundoni, akakaa benchi la mwisho peke yake. Mwendesha mashtaka alisimama kueleza kwamba ushahidi umekamilika. Niliinua mkono. Adeer, aliyekaa kando yangu, alinivuta mkono wa koti.

"Kaa chini."

"Niache, adeer."

"Unajiua mbele ya watu. Kaa chini!"

Koti lilichanika kwapani. Niliomba hakimu aniruhusu kutoa ushahidi tena, akaniruhusu, na nikaapa upya juu ya Msahafu. Safari hii sikutaja chuo. Nilisema kadi ilikuwa ya dada na wazo lilikuwa langu. Nilisema mwandiko wa faili ni wangu na ni mimi niliyeliweka mezani. Nikasema, "Nilimfundisha marehemu kwamba akiulizwa lolote ajibu kama dada yake. Muuguzi alimuuliza kama inavyotakiwa. Marehemu alijibu kama nilivyomfundisha."

Dada mkubwa alitoka nje. Mume wake akamfuata.

"Kwa nini hukusema haya mara ya kwanza?" hakimu aliuliza.

"Niliogopa kupoteza kliniki, mheshimiwa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa hata sasa."

Aliandika kwa muda mrefu. Uamuzi ulikuja baadaye: kifo kilitokana na dawa ambayo mwili wa marehemu haukuivumilia, na muuguzi alifanya yote ambayo mtu wa kazi yake anapaswa kufanya. Habari ya kadi ilipelekwa kwa wahusika. Dada alifukuzwa kazi, na mpaka leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Watoto wanne wa marehemu wanalelewa na habaryar, na wazee walisema ukweli kwamba mshahara ule ndio uliowalisha. Sasa ninawapelekea chakula kila mwezi, na chakula hicho hupokewa mlangoni bila mimi kukaribishwa ndani. Leseni ya maabara yangu ilisimamishwa kwa muda. Muuguzi alirudishiwa yake, lakini hakurudi Garissa. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nilimuuliza sawasawa," alisema.

"Sawasawa kabisa, mama."

"Wiki mbili, mwanangu. Ungeniambia pale nilipokuwa nafunga begi."

Akasema mtu anamwita, akakata simu.

Niliuza hadubini, mashine na hata ukuta wa mbao. Sikumpa mnunuzi punguzo. Vyombo vyangu vilikuwa safi kuliko vipya. Fedha zilitosha kulipa madeni yote. Wenzangu waliosema nitatoroka kurudi Nairobi waliona ajabu. Siku moja, kuanzia asubuhi, nilizunguka mji kwa miguu. Mwenye duka la jumla alipokea na kunipa soda. Mwalimu wangu alilia, na sikujua kama ni kwa furaha. Shemeji alisema ningeweza kungoja, nikamwambia sitaki kungoja. Wa mwisho alikuwa habaryar, mrithi wa binti yake pamoja na wajukuu, kama sheikh alivyonigawia mafungu. Siku hiyo alinikaribisha ndani.

Tulikaa kwenye mkeka. Fungu la fedha aliliweka chini ya mto bila kulitazama.

"Ulikuwa nyuma ya pazia," alisema.

"Ndiyo, habaryar."

"Alipoulizwa kuhusu sindano, alijibu mara moja?"

Mahakamani hakuna aliyeniuliza hilo. Hata hapa, nilipoandika habari za asubuhi ile, nimeliruka. Hakujibu mara moja. Muuguzi aliuliza, kukawa kimya, kimya kirefu mpaka nikainua jicho kutoka kwenye hadubini. Muuguzi akarudia, "Ilikudhuru, mama?" Nilisubiri nisikie. Ningeweza kuvuta pazia. Lilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwangu. Ndipo akajibu, nami nikarudisha jicho kwenye kioo, nikiwa nimefurahi kwamba amekumbuka somo langu.

"Alinyamaza kwanza, habaryar."

"Kiasi gani?"

"Kama mtu kusoma Fatiha mpaka katikati."

Alikaa akitikisa kichwa polepole, midomo yake ikienda, na nilijua anaisoma, anapima. Alifika pale katikati akasimama.

"Basi alinikumbuka," alisema.

Machozi yalimshuka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya shela. Kisha akanisogezea birika na kuniambia nijimiminie mwenyewe, mikono yake imechoka. Nilijimiminia. Hakuniaga nilipoondoka, na hakunifukuza. Nje jua lilikuwa bado kali, sikuwa na deni la fedha kwa mtu yeyote duniani, na nilitembea hadi nyumbani kwa njia ndefu ili nisipite sokoni kwenye safu ya wauza maziwa.